Mifupa ya Tendaguru na Macho ya Mtambo

Wazee walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni kweli sokoni, shambani na baharini, lakini ndani ya jumba la makumbusho ukweli wake hupungua. Humo hata mwenye macho mazima huhitaji kuambiwa tazama, na akiisha tazama huhitaji kuelezwa anachokiona. Kigae cha chungu, kipande cha mlango wa kale, au mfupa uliogeuka jiwe, hakina kinywa cha kujieleza. Kimetolewa mahali pake, kimetengwa na watu wake, kimewekwa nyuma ya kioo pamoja na maneno machache yaliyopigwa chapa. Mgeni hupita mbele yake, husoma maneno yale, hutikisa kichwa, kisha huenda zake na ujinga ule ule aliokuja nao.

Ili kuuondoa upungufu huu, walinzi wa makumbusho wameukimbilia ufundi mpya ambao katika Kiswahili tumeanza kuuita uhalisia ulioongezwa. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Mtu hushika chombo chenye kamera, kama vile simu ya mkononi, akakielekeza kwenye kitu kilicho mbele yake. Chombo hukitambua kitu kile, hupima kiko wapi na mtazamaji amesimama upande gani, kisha huchora juu ya sura yake picha nyingine ambayo kwa kweli haipo. Mtazamaji akisogea, picha nayo husogea. Akiinama, huiona kwa upande wa chini. Ukuta uliobomoka huonekana mzima, na gofu lisilo paa huonekana limeezekwa. Sinema humtoa mtu mahali alipo ikampeleka pengine. Ufundi huu humwacha hapo hapo alipo, ukamwongezea asichokiona.

Ufundi huu si mchanga kama wengi wadhanivyo. Katika mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho kilimwezesha mtu kuona maumbo ya mistari yakielea ndani ya chumba halisi. Chombo kile kilikuwa kizito hata kikalazimika kuning'inizwa darini. Jina lenyewe lilizuliwa kiasi cha mwaka 1990 na Tom Caudell, katika kampuni ya ndege ya Boeing, alipokuwa akitafuta njia ya kuwasaidia wafanyakazi waliounga nyaya za ndege, ili kila mmoja aone mahali pa waya wake bila ya kugeuka kutazama mchoro. Yafaa msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia: ufundi huu ulipata jina lake katika kuihudumia mikono ya wafanyakazi.

Makumbusho ya nchi nyingi yaliupokea. Mwaka 2010 Makumbusho ya London yalitoa programu ya simu iliyomwezesha mpita njia kuielekeza simu yake kwenye mtaa wa leo, akaona juu yake picha ya mtaa ule ule kama ulivyopigwa zamani. Mwaka 2015 makumbusho ya Smithsonian mjini Washington yalitoa programu ya kuivika nyama na ngozi baadhi ya mifupa iliyokuwa imesimama katika ukumbi wake kwa miaka mingi. Lakini mfano utufaao sisi kuliko yote ni ule wa Berlin, kwa sababu mifupa iliyopewa uhai huko ilitoka Lindi.

Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin kulisimamishwa mwaka 1937 kiunzi cha mnyama ambaye watu wa Tanzania humwita mjusi mkubwa wa Tendaguru. Ni dinosaria aliyeishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, na mtu akisimama chini ya kiunzi chake hafiki hata kwenye goti la mguu wa mbele. Ukumbi wake ulifanyiwa matengenezo, ukafunguliwa tena mwaka 2007. Siku hizo ziliwekwa humo darubini za namna yake, ziitwazo Jurascope, zilizobuniwa na kampuni ya ART+COM ya mji ule ule. Mtazamaji alipoweka macho yake kwenye darubini na kuielekeza kwenye kiunzi, kwanza aliona mifupa mitupu kama ilivyo. Baadaye matumbo yakajitokeza ndani ya mbavu, misuli ikaifunika mifupa, ngozi ikaifunika misuli. Mwishowe ukumbi wenyewe ukatoweka, na mnyama akaenda akila majani katika nchi ya miti na maji. Darubini iliondolewa machoni, na mara mifupa ikarudi kuwa mifupa.

Hapana shaka kuwa kazi hii ilikuwa nzuri. Mtoto aliyeyaona mambo yale hahitaji kushawishiwa tena kuwa elimu ya viumbe ni elimu ya uhai. Ila mtu wa historia, na hasa mtu wa historia wa pwani ya kusini ya Tanzania, hana budi kuuliza swali moja. Darubini ile ilirudi nyuma miaka milioni 150, ikamleta mnyama ambaye hapana binadamu aliyepata kumwona. Njiani iliipita miaka mia moja tu iliyopita bila ya kusimama. Katika miaka hiyo mia walikuwapo watu, na wengine picha zao zipo. Je, nani alimtoa mnyama huyu ardhini, na nani alimfikisha pwani?

Habari zenyewe ni hizi. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa iliyotokeza juu ya ardhi karibu na mlima wa Tendaguru, katika bara ya Lindi. Habari zilifika Ujerumani, na mwaka 1907 Eberhard Fraas, mtaalamu wa Stuttgart, alikuja akazihakikisha. Makumbusho ya Berlin yakachangisha fedha, na tangu mwaka 1909 hata 1913 uchimbuzi ukaendelea: kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni chini ya Hans Reck.

Mwanafunzi wa historia na azitazame tarehe hizi kwa makini. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, kaskazini ya Tendaguru, vikaenea nchi yote ya kusini, na havikuzimika hata mwaka 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na kuharibu vyakula, na baada ya risasi ikaja njaa. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa kwa vita na kwa njaa hufikia hata 300,000. Basi Sattler aliiona mifupa yake katika nchi iliyokuwa vitani, na mchimbaji aliyeandikwa kazi Tendaguru mwaka 1909 alikuwa ametoka juzi tu katika msiba. Makaburi ya jamaa zake yalikuwa bado mabichi, na kodi ilikuwa ikidaiwa. Elimu ya dinosaria ilipata vibarua wake katika hali hiyo. Na mtu asiyeijua hali hiyo hawezi kueleza kwa ukamilifu jinsi kiunzi kile kilivyopata kusimama.

Katika siku za shughuli nyingi wafanyakazi walifikia kiasi cha 500. Wengi wao walikuja na wake na watoto, hata porini pakawa kama kijiji. Ardhi ilifukuliwa kwa majembe na sururu. Mfupa ulipoonekana ulihitaji mkono wa taratibu, kwa kuwa jiwe lililokaa ardhini miaka mingi hivyo huweza kupasuka likipigwa na jua na hewa. Ulisafishwa, ukapakwa plasta au udongo, ukafungiwa ndani ya mianzi iliyokatwa huko huko. Hapakuwa na reli, wala barabara ya magari. Na wanyama wa kubeba mizigo hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo mifupa ilichukuliwa na watu, vichwani na mabegani, na mifupa mikubwa kwa miti iliyobebwa na watu kadhaa pamoja, mwendo wa siku 4 hivi mpaka bandari ya Lindi. Yote iliyosafirishwa ilizidi tani 200, na mizigo ilihesabiwa kwa maelfu. Husemwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mtazamaji wa Berlin mzigo wa mpagazi wa Lindi haukuwa hata usufi, kwani hakupata kuuona.

Kazi ya uchimbuzi haikufanywa na mabega peke yake. Ilifanywa na akili pia. Aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi na fundi wa kuitayarisha mifupa alikuwa Boheti bin Amrani. Kuutambua mfupa ungali ndani ya udongo, kujua unakoelekea kabla haujafunuliwa, kuufunga usivunjike, na kuwafunza wengine kufanya vivyo hivyo: haya ni maarifa, na mwenye maarifa haya hakuwa mtumishi tu wa elimu bali mmoja wa waliofanya elimu yenyewe iwepo. Jina lake limo katika maandiko ya wataalamu, na sura yake imo katika picha za zama zile. Wengine wengi waliofanya kazi naye hawakubahatika hivyo.

Sasa na tuyalinganishe majina. Janensch alipomtaja mnyama yule mkubwa katika maandiko ya elimu mwaka 1914, alimwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, bwana mkubwa wa Berlin aliyeuendeleza mradi na kuutafutia fedha. Jina la Boheti lilingoja. Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes aliichungua upya mifupa ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona kuwa ni ya mnyama wa aina nyingine, akamwita Australodocus bohetii. Kati ya heshima ya Branca na heshima ya Boheti ilipita miaka 93. Mwaka 2019 wataalamu walimpa mnyama mwingine wa Tendaguru jina la Wamweracaudia keranjei: neno la kwanza kwa heshima ya Wamwera, na la pili kwa heshima ya Mohammadi Keranje, mmoja wa watu wa uchimbuzi ule.

Ajabu ni kuwa mwaka 2007 ndio ule ule wa darubini. Katika mwaka mmoja, na juu ya mifupa ya mlima mmoja, yalitokea mambo mawili. La kwanza lilikuwa la picha, likapendwa na maelfu. La pili lilikuwa la jina, likaandikwa kwa Kilatini katika jarida la wataalamu, mahali ambapo mkulima wa Lindi si rahisi apaone. Mnyama alipewa ngozi na mwendo, na mtu akapewa neno moja tu. Simlaumu mtu kwa hili. Darubini ziliundwa zifundishe elimu ya viumbe, nazo zilifanya kazi yake. Lakini ufundi uliopata jina lake katika kuihudumia mikono ya wafanyakazi haukupaswa kuisahau mikono iliyouletea mifupa ya kuvika nyama.

Hapa ndipo lilipo neno langu. Mtambo hauifufui historia. Huonyesha lile ambalo mwenye mtambo ameamua likumbukwe. Picha inayotembea ina nguvu ya kusadikisha kuliko maandishi, na kwa hiyo uamuzi ule hufichika zaidi. Asomaye kitabu hujua kuwa kimeandikwa na mtu, na mtu huweza kukosea. Atazamaye picha iliyowekwa juu ya kitu halisi hudhani kuwa kitu chenyewe ndicho kinachosema.

Ushahidi wa hatari hii umo katika kiunzi chenyewe. Kiliposimamishwa mwaka 1937, mnyama aliwekwa mkia wake ukiburura chini na miguu ya mbele imepindwa kidogo kwenye viwiko, kama mjusi. Wataalamu wa siku zile waliamini hivyo, nao walikuwa wataalamu wa kweli. Kilipojengwa upya mwaka 2007, mkia uliinuliwa juu, miguu ikanyooshwa, na kimo kikawa mita 13.27. Hata jina halikutulia: wataalamu wengi wa leo hawamwiti tena Brachiosaurus bali Giraffatitan. Zaidi ya hayo, kiunzi si cha mnyama mmoja, bali kimekusanywa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na palipopungua pametiwa vipande vya kuundwa. Laiti darubini ingalikuwako mwaka 1937, ingaliwaonyesha watu mnyama abururaye mkia, akitembea kwa madaha, nao wangalirudi nyumbani wakiapa kuwa wamemwona. Basi picha ya uhai ni rai ya wakati wake, na rai haina budi kuandikwa tarehe.

Je, tuuache ufundi huu? Hasha. Ni mahali pachache duniani panapouhitaji kama Tendaguru. Mlima upo, msitu upo, lakini mifupa iliyopatia mahali pale sifa haipo. Sehemu kubwa iko Berlin, na sehemu nyingine iko London, maana Makumbusho ya Uingereza nayo yalituma wachimbaji tangu mwaka 1924 hata 1931. Mkuu wa kwanza wa msafara huo, William Cutler, alikufa kwa malaria mjini Lindi mwaka 1925. Mwanafunzi wa Lindi apandaye mlima ule leo huona nyasi na mashimo yaliyojaa udongo. Mahali ambapo kitu kimeondoka, ndipo ufundi wa kuonyesha kisichokuwapo hupata kazi yake ya haki. Lile lililofanywa katika mitaa ya London kwa picha za zamani laweza kufanywa Tendaguru kwa picha za uchimbuzi: mtu aelekeze simu yake kwenye shimo, aone shimo lile likiwa wazi, na waliolichimba wamesimama kando yake. Aelekeze simu yake kwenye njia ya kwenda pwani, aone safari ya siku 4 ilipita wapi. Na asikie pia, kwa Kiswahili na Kimwera, masimulizi yaliyorithiwa katika jamaa za wachimbaji na wapagazi.

Vivyo hivyo Berlin. Baada ya ngozi na misuli kuonyeshwa, naionyeshwe pia mianzi, plasta, na mabega. Mtoto wa Kijerumani hatapungukiwa na furaha yake ya kumwona dinosaria; atazidishiwa maarifa ya kuwa mnyama huyu alipitia mikononi mwa watu.

Lakini masharti yawepo, na ya kwanza ni kuwa tusizue. Kishawishi kitakuwa kikubwa. Fundi wa kompyuta aweza kwa siku chache kuunda wapagazi mia, kila mmoja na uso wake, waende wakiimba. Nyuso zile zitakuwa za nani, na nyimbo zile nani alizitunga? Mtu aliyesahauliwa ameonewa mara moja. Mtu aliyesahauliwa kisha akapewa uso wa bandia ameonewa mara mbili, maana hata nafasi yake tupu imechukuliwa. Penye picha ya kweli naiwekwe. Penye jina nalitajwe. Pasipo na picha wala jina naoneshwe mtu kama kivuli, ili mtazamaji ajue kuwa hapo palikuwa na mtu, na kuwa waandishi wa siku zile hawakujali kumwandika. Kivuli kile kitasema kweli kuliko uso uliozuliwa.

Sharti la pili ni kuwa picha isifanywe malipo ya mfupa. Swali la kurudishwa kwa mifupa ya Tendaguru limeulizwa Tanzania, na limefika hata Bungeni. Wako wanaosema irudishwe, kwa kuwa ilichukuliwa chini ya utawala ambao wenye nchi hawakuuchagua. Wako wanaouliza itatunzwa wapi na kwa gharama ya nani. Mabishano haya yana uzito pande zote, nayo ni ya kuamuliwa na mataifa mawili kwa mazungumzo ya wazi. Lakini isitokee siku ambayo mtu atasema: tumewapeni picha inayotembea, basi mnataka nini tena? Aliyetoa picha akabaki na kitu, ametoa habari za kitu. Habari ni njema, na tuzipokee. Ila risiti ya habari isiandikwe kuwa risiti ya mali.

Sharti la tatu latuhusu sisi wenyewe. Mtambo hauwezi kuonyesha ambacho hakikukusanywa. Wachimbaji wa 1909 wamekufa wote. Wana wao karibu wamekwisha. Wajukuu wao ndio wazee wa leo katika vijiji vya Lindi. Walilolisikia barazani kwa babu zao halimo Berlin wala London, na likizikwa nao hapana kompyuta itakayolichimbua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya uhalisia ulioongezwa si ya fundi wa kompyuta. Ni ya mwanafunzi mwenye daftari, kalamu na adabu ya kukaa mkekani akasikiliza. Aandike majina, aandike njia, aandike jinsi mahali palivyoitwa kabla ya ramani ya Wajerumani, na aandike pia penye mashaka.

Kazi hiyo ikiisha fanywa, mtambo utakuwa na la kuonyesha. Mtu atakayesimama mbele ya kiunzi kile, au juu ya mlima ule mtupu, ataambiwa tazama, naye atamwona mnyama wa miaka milioni 150, na mbele yake ataona watu waliomchukua mabegani mpaka pwani.